Miguu ya Watoto Wetu: Kutoka Baiskeli za Busia Hadi Kisahani cha Umbo la Nane

Bismillahir Rahmanir Rahim



Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Siku moja darasani, wakati wa kusimama kusoma, niliwasikia watoto wakicheka. Aliyesimama alikuwa mvulana wa miaka tisa mwenye matege makubwa. Akisimama na kuunganisha vifundo vya miguu, mpira ungepita katikati ya magoti yake. Alisoma aya zake vizuri kuliko wengi, kisha akakaa upesi na kuvuta kanzu yake chini. Niliacha somo la siku ile nikawasimulia kisa cha miguu ya Abdullah bin Mas'ud (r.a.).

Ibn Mas'ud alipanda mti wa arak kuchuma miswaki. Upepo ukapeperusha nguo yake na miguu yake ikaonekana, nayo ilikuwa myembamba sana. Maswahaba wakacheka. Mtume (s.a.w.) akawauliza wanacheka nini, wakamjibu kuwa ni wembamba wa miguu yake. Akawaambia kuwa katika mizani Siku ya Kiyama miguu ile ni mizito kuliko jabali la Uhud. Kisa hiki amekipokea Imam Ahmad. Darasa likanyamaza, na nikawakumbusha kuwa katika Surat al-Hujurat Allah (S.W.T.) amekataza watu kudharauliana.

Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani swali lingine lilinisumbua. Kumkinga mtoto na kicheko ni wajibu wetu. Je, kuinyoosha miguu yake, kama kuna njia, si wajibu wetu pia? Na kama njia ipo, kwa nini hakuna aliyempeleka mpaka amefika miaka tisa? Makala haya ni matunda ya swali hilo. Tutaangalia historia ya miguu ya watoto katika mpaka wetu huu wa Busia na Tororo, na historia ya elimu ya kuinyoosha, kisha tutoe mafunzo, in shaa Allah.

KIZAZI CHA BAISKELI ZA MAGURUDUMU MATATU

Kila anayeishi hapa anajua kuwa neno "boda boda" lilizaliwa mpakani, pale wenye baiskeli walipokuwa wakivusha abiria kutoka kituo cha Kenya hadi cha Uganda. Lakini Busia ina historia nyingine ya magurudumu ambayo watoto wetu hawaijui. Kwa miongo kadhaa walemavu, wengi wao waliopata polio utotoni, walivusha bidhaa mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Baiskeli ile ilikuwa miguu yao na pia gari lao la mizigo. Waliunda umoja wao, wakalisha wake zao na wakasomesha watoto wao. Watafiti wa vyuo vikuu walikuja Busia na kuandika juu yao, kwa sababu lilikuwa jambo la ajabu kwamba watu waliodhaniwa kuwa mzigo ndio waliokuwa wakibeba mizigo ya wengine.

Kizazi kile kilipatwa na polio kabla chanjo haijafika kila kijiji. Katika miaka ya 1960 profesa wa mifupa Ronald Huckstep, aliyekuwa Mulago na Makerere, alianzisha kliniki ya polio Kampala na kuhimiza vyuma vya miguu vya bei nafuu vilivyotengenezwa hapa hapa kwa vifaa vya kawaida, ili mtoto aliyekuwa akitambaa aweze kusimama. Baadaye kampeni za chanjo zilifanya kazi yake, na mwaka 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa haina tena virusi vya polio vya asili. Alhamdulillah. Pamoja na hayo chanjo ni lazima iendelee, kwani ugonjwa uliotoka mlangoni unaweza kurudi dirishani.

Basi polio imepungua, lakini miguu iliyopinda bado tunaiona. Inatoka wapi?

SABABU ZINAZOPINDISHA MIGUU

Kwanza, wazazi wasishtuke bure. Takriban kila mtoto mchanga huzaliwa na miguu iliyopinda kwa nje kidogo, na hali hiyo hunyooka karibu na miaka miwili. Kisha akiwa na miaka mitatu au minne magoti yake huelekea kugongana, na karibu na miaka saba miguu huwa imekaa sawa. Hayo ndiyo maumbile aliyoyaweka Allah. Tatizo ni pale mguu mmoja unapopinda na mwingine umenyooka, au kupinda kunapozidi mwaka hadi mwaka, au mtoto anapopata maumivu, anapochechemea, au anapokuwa mfupi sana kuliko wenzake wa rika lake.

Sababu za tatizo ni nyingi. Iko riketsi, yaani ugonjwa wa mifupa kuwa laini kwa kukosa vitamini D au madini ya kalsiamu. Wengi hushangaa: vipi mtoto akose vitamini ya jua katika nchi yenye jua kama hili? Mtoto anayefungiwa chumbani mjini, na anayenyonya kwa mama ambaye naye haoni jua, anaweza kuikosa. Hata katika nchi za Ghuba zenye jua kali upungufu huu umeonekana kwa wingi. Hijabu haina lawama hapa. Dada zetu wanaweza kuota jua ndani ya ua wao, mtoto atolewe nje, na daktari akishauri matone ya vitamini D, apewe. Kalsiamu nayo inapatikana kwenye maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na dagaa wa ziwani hapa kwetu si haba.

Uko pia ugonjwa uitwao Blount, ambapo upande wa ndani wa mfupa wa muundi, karibu na goti, hauoti sawasawa na mguu ukazidi kupinda. Yapo maambukizi ya usaha ndani ya mfupa, ambayo huwapata zaidi watoto wenye selimundu, na sote tunajua selimundu ilivyo katika maeneo yetu haya ya malaria. Yako majeraha ya kuvunjika karibu na goti. Kule Tanzania, chini ya Mlima Meru, watoto wa sehemu za Maji ya Chai wamepinda miguu kwa floraidi nyingi iliyomo katika maji na magadi ya kupikia.

Na lipo jambo la kusikitisha lililo karibu nasi zaidi. Huko Kumi, kaskazini mwa Mbale, watafiti walichapisha mwaka 2018 habari za watoto waliopata ulemavu kwa sababu ya sindano zilizochomwa matakoni, hasa za kwinini. Baadhi misuli ilikakamaa wasiweze kukunja nyonga vizuri, na wengine mshipa wa fahamu uliguswa na mguu ukapooza. Kwa hiyo mtoto akiwa na homa asichomwe sindano ovyo dukani. Apelekwe kituo cha afya apimwe.

Sababu zote hizi ndugu zangu nimezitaja kwa makusudi. Katika vijiji vyetu mtoto akipinda miguu husemwa ni mkosi wa ukoo, au mama alivuka kitu fulani alipokuwa mjamzito, au jirani amefanya jambo lake. Mama huyo hubeba lawama isiyo yake, na mtoto hufichwa. Miaka inapita. Na katika jambo hili miaka ndiyo rasilimali yenyewe, kama tutakavyoona.

HISTORIA YA ELIMU YA KUNYOOSHA

Waislamu wana nafasi kubwa katika historia hii. Abul-Qasim al-Zahrawi wa Cordoba, Andalusia, aliyefariki karibu mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa kiitwacho at-Tasrif chenye sehemu thelathini. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake mna mlango mzima wa kuunga mifupa iliyovunjika na kurudisha viungo vilivyoteguka, pamoja na michoro ya vyombo vya kazi. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na madaktari wa Ulaya walikitegemea kwa karne nyingi.

Mwaka 1741 tabibu wa Kifaransa aitwaye Nicolas Andry alitoa kitabu mjini Paris kuhusu kuzuia na kurekebisha kupinda kwa miili ya watoto. Yeye ndiye aliyeunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja maana yake "nyoofu" na jingine "mtoto", likapatikana jina la fani ya mifupa hadi leo. Katika kitabu chake mna picha ya mti mchanga uliopinda, umefungwa kwa kamba kwenye nguzo iliyonyooka. Wazee wetu wangeielewa picha ile bila mkalimani, kwani wao walishasema: samaki mkunje angali mbichi.

Lakini mguu si mti, na kuufunga kwa nje peke yake mara nyingi hakutoshi. Ilibidi kwanza ijulikane mfupa unakuaje. Karibu na kila ncha ya mfupa mrefu wa mtoto kuna tabaka jembamba la gegedu, na hapo ndipo mfupa hurefuka. Mwaka 1862 Wajerumani wawili, Hueter na Volkmann, walieleza kanuni hii: gegedu hilo likibanwa sana, ukuaji hupungua, likiachwa huru, ukuaji huendelea. Ndiyo maana matege yakishazidi kiasi fulani hujizidisha yenyewe, kwa sababu uzito wa mwili hukandamiza upande mmoja wa goti kila hatua.

Kwa muda mrefu dawa kubwa ilikuwa kuukata mfupa, kuunyoosha na kuufunga mpaka uunge. Huko Glasgow, ambako moshi wa viwanda ulificha jua na riketsi ikaenea, daktari William Macewen alikata na kunyoosha miguu ya watoto wengi sana mwishoni mwa karne ya 19. Njia hiyo bado inatumika inapohitajika, hasa kwa waliokwisha kukua, lakini ni kazi kubwa yenye maumivu na wiki nyingi za kulala na plasta au vyuma.

Kisha ikaja fikra nyingine: badala ya kuuvunja mfupa, kwa nini tusiuelekeze ukuaji wake? Mwaka 1933 Dallas Phemister wa Chicago alieleza njia ya kusimamisha ukuaji wa upande mmoja. Tatizo ni kwamba alichokisimamisha hakikuweza kurudi, hivyo hesabu ya muda ikikosewa, basi. Mwaka 1949 Walter Blount wa Milwaukee, yule yule ambaye ugonjwa tuliotaja umepewa jina lake, alitumia pini ngumu zenye umbo kama misumari ya U tunayofungia senyenge. Pini zilibana upande mmoja, na zikitolewa ukuaji ungeweza kuendelea. Ilikuwa hatua kubwa, ila pini zile wakati mwingine zilivunjika au kuchomoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari Peter Stevens wa Salt Lake City, Marekani, alikuja na kisahani kidogo chenye umbo la nambari 8 na skurubu mbili, na mwaka 2007 akachapisha matokeo yake. Skurubu moja huingia juu ya gegedu la ukuaji na nyingine chini yake, gegedu lenyewe haliguswi. Kwa mwenye matege kisahani huwekwa upande wa nje wa goti. Kwa mwenye magoti yanayogongana huwekwa upande wa ndani. Upande wenye kisahani unazuiwa, upande wa pili unaendelea kukua, na mguu hunyooka polepole wenyewe. Skurubu zinaweza kuinama kadiri mfupa unavyokua, kwa hiyo kisahani hufanya kazi kama bawaba ya mlango na hakivunjiki upesi. Jeraha ni dogo, na mtoto huanza kutembea baada ya siku chache. Kazi iliyobaki inafanywa na ukuaji ambao Allah (S.W.T.) ameuweka ndani ya mwili wa mtoto. Mpasuaji anaelekeza tu.

MASHARTI MATATU

Hapa ndipo wazazi wanapaswa kusoma kwa makini.

Sharti la kwanza ni umri. Kisahani hakina nguvu yake yenyewe. Kinategemea ukuaji uliobaki. Wasichana wengi humaliza kukua urefu karibu na miaka 14, na wavulana karibu na miaka 16. Mguu hunyooka kwa wastani wa chini ya digrii moja kwa mwezi, hivyo mara nyingi kazi huchukua mwaka mmoja hadi miwili. Ukimleta mtoto akiwa amekwisha kukua, mlango huo umefungwa na kinachobaki ni kukata mfupa.

Sharti la pili ni kurudi. Kila miezi mitatu au minne mtoto lazima aonekane, na mguu ukishanyooka kisahani kiondolewe. Kisipoondolewa, mguu utaendelea hadi upinde upande wa pili. Sisi watu wa mpakani tuna tabia ya kuhama. Leo uko Malaba, kesho uko Nairobi au Jinja, na simu imebadilishwa laini. Mzazi anayekubali kisahani amekubali pia kurudi. Hiyo ni ahadi, na Muislamu hutimiza ahadi.

Sharti la tatu ni kutibu sababu. Mwenye riketsi atibiwe kwanza kwa vitamini na kalsiamu, na watoto wadogo wengi hunyooka kwa hilo tu bila kupasuliwa. Mwenye selimundu ahudhurie kliniki yake. Na ieleweke kuwa kisahani hakirudishi misuli iliyopoozwa na polio wala mshipa ulioharibiwa na sindano.

JE, SI KUBADILISHA MAUMBILE?

Baadhi ya ndugu wameniuliza kama kunyoosha mguu si kubadilisha alivyoumba Allah. Jibu ni kuwa kuondoa kasoro inayomdhuru mtu si sawa na kujibadilisha kwa kutafuta urembo. Swahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alipoteza pua yake katika vita vya Kulab, akaweka pua ya fedha ikatoa harufu, na Mtume (s.a.w.) akamwamrisha aweke ya dhahabu. Wamepokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Na mabedui walipomuuliza kuhusu kutafuta matibabu, aliwaamrisha waja wa Allah wajitibu, kwani kila ugonjwa umeteremshiwa dawa yake ila uzee. Kisahani kiko chini ya ngozi, hivyo hakizuii udhu. Wakati wa kidonda mtoto atapakaza maji juu ya bendeji au atatayamamu, kama fiqhi inavyotufundisha.

WAPI KWA KWENDA?

Anzeni karibu: hospitali ya serikali ya Tororo, au hospitali ya rufaa ya kaunti ya Busia kwa upande wa Kenya. Ombeni picha ya eksirei ya miguu yote miwili mtoto akiwa amesimama, na barua ya rufaa kwa daktari wa mifupa ya watoto. Upande wa Uganda ipo CoRSU, hospitali iliyoko Kisubi kwenye barabara ya Kampala kwenda Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2009 kwa ajili ya watu wenye ulemavu na hasa watoto. Upande wa Kenya iko hospitali ya CURE huko Kijabe, iliyoanza mwaka 1998. Msichanganye na ile ya CURE iliyoko Mbale. Hiyo kazi yake ni vichwa na migongo ya watoto. Hospitali hizi nyingi zimeanzishwa na Wakristo, na hakuna ubaya kwa Muislamu kutibiwa huko. Mtume (s.a.w.) alipohama kwenda Madina aliyemwongoza njia alikuwa mtu asiyekuwa Muislamu, kwa sababu alikuwa mjuzi na mwaminifu.

Na kwa wenye watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda kwa ndani, historia ya Uganda ni ya kujivunia. Tangu mwaka 1999 njia ya daktari Ponseti ya plasta za kila wiki imefundishwa nchini, na miongoni mwa waliosimama mbele ni Shafique Pirani, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa daktari Canada. Fundi Michiel Steenbeek alibuni kiatu cha kuzuia nyayo zisirudi kupinda, kinachotengenezwa hapa kwa ngozi na vyuma vya kawaida, na kiatu hicho kimevuka mipaka hadi nchi nyingi. Mtoto wa namna hiyo apelekwe wiki za mwanzo kabisa za maisha yake.

MAFUNZO

Kwanza, tusicheke miguu ya mtu, na tusiifiche. Pili, mama asilaumiwe. Tatu, muda ni amana. Kila mwaka wa kusubiri unapunguza ukuaji ambao ungefanya kazi. Nne, misikiti yetu huchangia mazishi kwa haraka ya kusifika. Tuchangie pia nauli ya mtoto kwenda kliniki na kurudi, maana mara nyingi kinachomkwamisha ni nauli ya safari ya tatu na ya nne.

Ama yule mvulana, nilimwendea baba yake. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniambia alidhani ni jambo la kuzaliwa nalo na kufa nalo, na kwamba babu yake naye aliishi hivyo. Wamekwisha kwenda kupiga picha na wanasubiri siku ya kuonwa na daktari. Ana miaka tisa, na ukuaji anao bado. Tumwombee. Na ikiwa nyumbani kwako yuko anayevuta kanzu au buibui lake chini kila asimamapo, usimwambie avumilie tu. Mpeleke.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) awape afya watoto wetu, awalipe kheri wanaowahudumia, na atujaalie tuwe wenye kusikia na kufuata yaliyo mema. Aamin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.